Uchaguzi Mdogo wa Mzee Corrigan

Paskazia alijua kuna jambo pale Madam Daisy alipomwambia akae. Mwaka na nusu alikuwa akifanya kazi katika nyumba ile ya mtaa wa Al Barsha, ughaibuni kwa Waarabu, na makochi ya sebuleni aliyajua kwa kuyafuta vumbi tu. Alikaa ukingoni, mikono mapajani, kitambaa cha jikoni kikiwa bado begani. Madam alikaa mkabala naye, akautazama kwanza mlango wa chumba cha baba yake, akahakikisha umefungwa, ndipo akaanza kusema kwa sauti ya chini.

Alisema Jumanne daktari atakuja kumpima mzee. Si moyo wala sukari. Atampima akili.

"Mimi niko kazini kutwa," alisema. "Wewe ndiye unayeshinda naye. Daktari atakuuliza baba anasema nini, anafanya nini. Nataka umwambie."

"Ndiyo, madam."

"Usiongeze kitu, Paskazia. Na usimfunike. Najua unampenda."

Paskazia aliitikia kwa kichwa. Alidhani yameisha, akataka kuinuka, lakini madam alimzuia kwa mkono. Aliuliza kama kweli mume wake ana leseni ya udereva ya hapa. Paskazia alikuwa amemweleza habari za mume wake wiki tatu nyuma, siku moja wakikunja mashuka, na madam alikuwa amejibu pole tu na kuendelea kukunja. Sasa alisema Sir, bwana wa nyumba ile, anatafuta dereva. Viza wataiweka wao. "Tukishamaliza hili la baba, tutaliangalia," alisema, akainuka kwenda kutafuta funguo za gari.

Hakuna aliyesema hili ni kwa ajili ya lile. Madam Daisy mwenyewe kama angeulizwa angeapa kwamba hakuwa na nia hiyo. Alikuwa na mambo mawili kichwani na aliyasema yote mawili kwa sababu alikuwa anachelewa kazini. Wala hakuwa mtu mbaya. Wiki ile baba yake alikuwa amemwita mara mbili kwa jina la marehemu mama yake, na mara ya pili alijifungia bafuni akalia. Mkataba wa Sir ulikuwa unahamia nchi nyingine, na huko hawakuwa na namna ya kwenda na mzee. Kwao Australia kulikuwa na makao ya wazee yaliyokuwa tayari kumpokea, lakini ili kuyalipia ilibidi nyumba ya mzee iuzwe, na mzee alikuwa amekataa katakata kuiuza. Bila cheti cha daktari hakuna ambacho binti angeweza kukifanya.

*

Huko Karama, mtaa walikopanga chumba, Elias, mume wake, alikuwa amepika. Tangu kampuni yake ikate wafanyakazi, yeye ndiye aliyepika, yeye ndiye aliyepiga pasi sare za mke wake, na alizipiga kwa uangalifu wa mtu anayetaka kuonekana ana kazi. Alikuwa mfunga nondo. Miaka tisa aliinuka saa kumi alfajiri kwenda saiti. Sasa viza yake ilikuwa imefutwa na muda aliopewa wa kutafuta kazi nyingine ulikuwa unakaribia kwisha. Mchana hakuweza hata kukaa chumbani. Mubin, aliyewapangisha, alikuwa na desturi ya kupita akisikiliza nyuma ya mbao za jasi zilizogawa vyumba, na akisikia kiyoyozi kinaunguruma hugonga na kusema AC ya mchana si ya kulalia. Kwa hiyo Elias alikwenda kukaa kwenye ubaridi wa stesheni ya metro mpaka askari wa zamu amwambie asogee.

Walikula wakiwa wamekaa kitandani, sufuria katikati. Paskazia alimsimulia kila kitu kama kilivyosemwa.

Elias aliacha kula. "Amesema viza wataiweka wao?"

"Amesema wataliangalia."

"Kwani Mzee wako hana akili?"

"Anazo."

"Zote, Mama Irene?"

Paskazia alikumbuka mchana mmoja mwezi uliopita, Mzee alipovaa koti na tai akasimama mlangoni akisema mkokoteni wa farasi umekuja kuwachukua na babu yake ana hasira. Alimshika mkono, akamwambia farasi wanakunywa maji kwanza, akamrudisha kitini. Hakumwambia mtu.

"Nyingi," alisema.

"Basi waambie kweli. Kuna kosa gani mtu kusema kweli?"

"Kweli ipi, Baba Irene?"

"Hiyo utakayoulizwa."

Ukuta wa jasi haukuficha neno. Upande wa pili alilala Hamida, mwanamke wa Unguja aliyefanya kazi ya kufua katika hoteli ya Al Muraqqabat, naye alikohoa ili wajue anaingia kwenye mazungumzo. Alisema hayo ni ya baba na mwanawe. Wao watakuja kupatana na lawama itabaki kwa mtumishi. Kisha, kama aliyeona amesema upande mmoja tu, akaongeza kwamba viza nayo haikai ikamngoja mtu.

Elias aliosha vyombo. Aliporudi alikaa karibu na mke wake kuliko kawaida. Alisema akirudi nyumbani sasa, Irene atatoka shule ya bweni, na watu wa Muleba watauliza miaka tisa alikuwa anafanya nini. Hakusema kwa kulalamika. Alisema kama anayesoma tangazo, na ndiyo maana Paskazia hakuweza kulala vizuri.

*

Mzee Corrigan alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwalimu mstaafu wa mji mdogo wa wakulima wa ngano, na macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando kiasi kwamba mtu aliyesimama mbele yake alimwona kama kivuli. Jina la Paskazia lilimshinda, alimwita Pasca. Asubuhi, baada ya kuogeshwa na kunywa chai, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na Paskazia alifungua kompyuta na kumsomea magazeti ya zamani ya nchi yake, kurasa zilizopigwa picha, herufi zimefifia. Mwanzoni Kiingereza cha magazeti yale kilimtoa jasho. Mzee alimrekebisha matamshi bila kumcheka, kama alivyofanya na watoto wa wakulima.

Walichokuwa wakisoma ni habari za babu yake. Mwanzoni kabisa mwa karne iliyopita, Bunge la Australia likiwa bado jipya, yule babu aligombea ubunge akakipata kiti kwa kura chache mno. Mpinzani wake alikwenda mahakamani. Ilionekana baadhi ya kura za posta zilishuhudiwa na watu wasioruhusiwa na sheria, ushindi ukatenguliwa, na uchaguzi ukaitishwa upya katika jimbo lile peke yake. Katika uchaguzi mdogo huo babu alishindwa. Kwenye ukoo hawakulizungumza. Mzee alikuwa mtoto alipogundua kwamba ukitaja neno bunge mezani kwa bibi yake, wanaume wote wananyamaza. Alitaka kujua kama babu yake aliiba kura au hakuiba, na alitaka kuliandika kabla hajafa. Kwa kuwa macho hayakumruhusu, alijirekodi kwenye kanda, na Paskazia alimwandikia kwenye madaftari.

Alijiwekea sharti moja. Gazeti la Jumatatu ile lilisomwa Jumatatu hii, la Jumanne Jumanne, siku kwa siku, bila kuruka mbele. Alisema ukijua mwisho unamhukumu mtu kabla hajatenda. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa walikuwa wakiishi ndani ya kampeni, na Jumatano ya wiki ile ndiyo ilikuwa siku ya kura.

Jumatatu walisoma taarifa ya mkutano wa hadhara. Msemaji aliisifu sheria mpya ya uchaguzi, kwamba sasa wanawake wa nchi nzima wanapiga kura. Paskazia aliendelea kusoma. Sheria hiyohiyo ilisema wenyeji asilia wa Australia, wa Asia, wa Afrika na wa visiwa vya Pasifiki, isipokuwa New Zealand, hawataandikishwa kupiga kura. Sauti yake ilipungua, lakini alifika mwisho wa sentensi.

"Baada ya hapo wameandika nini?" Mzee aliuliza.

"Wameandika makofi."

"Na babu yangu alikuwa jukwaani."

"Alikuwa jukwaani, Mzee."

Mzee alipapasa mkono wa kiti. "Samahani, Pasca."

"Mimi sikuwepo, Mzee."

Alicheka mpaka akakohoa, na Paskazia akampa maji. Kisha akamuuliza kama kwao yeye hupiga kura. Paskazia alisema alijiandikisha zamani, lakini kila uchaguzi umemkuta huku. Mzee alisikitika, akasema yeye tangu atimize umri hajakosa hata mmoja, na sasa mbunge wa jimbo lake amejiuzulu, kuna uchaguzi mdogo mwezi ujao, na ameomba karatasi za kupigia kura kwa posta. Alimwambia zikifika amshike mkono aweke alama mahali pake. Atamtajia majina yeye mwenyewe kwa mpangilio. Paskazia alikubali.

Alitaka kumwambia. Alifunga kompyuta, akarekebisha mto mgongoni mwake, akaanza: "Mzee, kesho kuna daktari—"

"Kesho ni mkutano wa mwisho wa kampeni," Mzee alisema. "Kesho tusichelewe kuanza."

Paskazia akaliacha.

*

Daktari Waleed alikuwa kijana mpole mwenye viatu safi. Alimsalimia Mzee kwa heshima, akamuuliza tarehe, mwaka, jina la mji. Mzee alikosea tarehe kwa siku mbili, mengine akayapata. Daktari alimpa karatasi achore saa. Mzee aliishika karatasi karibu na pua, akairudisha. Alisema alifundisha watoto kusoma saa kwa miaka thelathini na hatachora saa kumfurahisha mtu. Daktari aliandika. Alipoambiwa ataje maneno matatu aliyoyasikia dakika chache nyuma, alitaja moja, halafu akakasirika na kuuliza nani aliyemwita mtu huyu.

Madam alimwongoza baba yake mpaka kwenye kibaraza, akamketisha na kuufunga mlango wa kioo. Kisha akamwita Paskazia jikoni. Daktari alikaa na kalamu yake. Kwa upande wa pili wa kioo Mzee alionekana mgongo, shingo nyembamba ndani ya kola kubwa, uso ameuelekeza kwenye barabara asiyoiona.

Daktari aliuliza mzee huzungumza nini mchana.

"Huzungumza uchaguzi," Paskazia alisema.

"Uchaguzi gani?"

"Wa babu yake."

"Babu yake yu hai?"

"Hapana, daktari. Alikufa zamani."

"Na anasema uchaguzi huo ni lini?"

Paskazia alimtazama madam. Madam alikuwa ameinamisha kichwa akizungusha pete yake kidoleni. Uso wake ulikuwa na huzuni ya kweli, na hiyo ndiyo ilimtia Paskazia uchungu zaidi.

"Kesho," alisema. "Anasema kura ni kesho."

Kalamu ilitembea. Paskazia alisubiri. Ilibaki sentensi moja tu: kwamba ni gazeti, kwamba walikubaliana kulisoma siku kwa siku. Alikuwa nayo mdomoni, kwa Kiingereza, imepangwa. Daktari aliuliza kama kuna kitu kingine. Na Paskazia, badala ya sentensi ile, alimweleza habari ya koti na tai na mkokoteni wa farasi. Hayo nayo yalikuwa kweli. Madam alifunika mdomo kwa kiganja. Hakuwa amewahi kuyasikia.

"Ahsante," daktari alisema. "Umesaidia sana."

Alhamisi walisoma matokeo. Babu wa Mzee alikikosa kiti, na gazeti lilisema hotuba yake ya kukubali kushindwa ilikuwa fupi na ya kiungwana. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaomba arudiwe hesabu ya vituo. Alisema: "Basi walimshinda kihalali. Mara ya kwanza sijui, lakini mara ya pili alishindwa kihalali." Alionekana ametua mzigo. Paskazia alikwenda jikoni akafungua bomba la maji ili asisikike.

*

Elias aliitwa wiki ile ile. Viza ilishughulikiwa haraka kuliko walivyotarajia, akapimwa afya, akapewa shati jeupe na simu ya kazi. Siku ya kwanza alirudi Karama na tikiti maji, akamkatia Hamida kipande, akampa na Mubin, aliyekipokea huku akitazama shati. Walimpigia Irene simu kwa video, na Elias alisimama ili mtoto alione shati lote. Paskazia alicheka. Kwa siku chache aliweza kula.

Kazi yenyewe ilikuwa na masharti yake. Sir hakupenda redio. Hakupenda dereva aanze salamu. Alimwambia Elias wakiwa ndani ya nyumba ile wasizungumze Kiswahili na mke wake mbele ya madam, maana mtu hujihisi anasengenywa kwake mwenyewe. Kwa hiyo Elias alipoingia kuchukua mkoba wa Sir, alimwita mke wake Paskazia, kwa Kiingereza akasema habari za asubuhi, naye akaitikia good morning huku akiendelea kupangusa meza. Mchana alisubiri ndani ya gari, injini imezimwa, kwa sababu mafuta hayakuwa ya kumpoozea dereva. Hakulalamika. Alisema saiti ilikuwa mbaya zaidi, na kweli ilikuwa.

Karatasi za Mzee za kura hazikuja. Kila asubuhi aliuliza. Hatimaye alimwambia Paskazia apige namba ya tume ya uchaguzi ya kwao, aweke simu mezani kwa sauti kubwa. Alijitambulisha kwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kwa sauti ya darasani. Msichana aliyepokea alitafuta, akarudi kwenye simu.

Alisema jina lake liliondolewa katika daftari la wapigakura. Mzee alimwambia atazame tena. Msichana alitazama tena. Alisema liliondolewa kwa ombi la familia, pamoja na cheti cha daktari kinachosema haelewi tena maana ya kupiga kura.

Madam alikuwa amelifanya jambo hilo siku moja na mambo ya nyumba, bila kulifikiria sana. Kwao kupiga kura ni lazima, na asiyepiga hutumiwa barua za faini. Aliona amepunguza barua. Taarifa ya kwanza kutoka kwa tume ilifika kwa barua pepe anayoifungua yeye.

Mzee alimshukuru msichana kwa adabu, akamtakia siku njema. Simu ilipokatika akageuza uso kuelekea pale alipohisi Paskazia amesimama.

"Daktari alikuuliza?"

"Aliniuliza, Mzee."

"Ukamwambia kura ni kesho."

"Ndiyo."

"Ulimwambia kwa nini nilisema kesho?"

"Hakuniuliza hilo."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesikia jibu alilolitarajia. Paskazia alipiga magoti karibu na kiti.

"Mume wangu hakuwa na viza," alisema.

"Na sasa anayo?"

"Anayo."

"Basi," alisema Mzee.

Hakumgombeza, wala hakumwambia binti yake. Jioni ile madam alipomuuliza ameshindaje, alisema vizuri, ahsante. Lakini hakuagiza tena kusomewa. Paskazia alifungua kompyuta asubuhi iliyofuata kama kawaida, akauliza waanzie wapi, na Mzee alisema amechoka kidogo, labda kesho. Kesho yake alisema hivyohivyo. Kufikia mwisho wa mwezi alikuwa akikataa chakula, akimwita Paskazia kwa majina ya watu wasiojulikana, na mkokoteni wa farasi ulikuwa unakuja karibu kila siku. Mara mbili alijikojolea kitini akidai amefungiwa mahakamani. Daktari Waleed alirudi, akatazama, akasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda. Madam alimwambia mume wake kwamba bora walifanya mapema. Paskazia alikuwa akibadilisha shuka, alisikia, na hakuwa na hakika tena kama alimsingizia Mzee ugonjwa au aliutabiri. Alilala na swali hilo na kuamka nalo. Elias alimwambia ugonjwa ni ugonjwa. Alimwambia mara nyingi, kwa upole, mpaka siku moja Paskazia akamwomba asirudie tena.

*

Nyumba ya Mzee iliuzwa. Siku ya safari alikuja muuguzi wa kusindikiza, mwanaume mwenye mikono mikubwa, akamvisha Mzee soksi za kubana miguu ambazo Paskazia alikuwa ameziandaa. Madam alikuwa ametangulia uwanja wa ndege kwa gari lake kushughulikia kiti cha magurudumu na mizigo. Paskazia alimfunga Mzee vifungo vya koti. Alijitambulisha kwa jina, kama ilivyobidi kila asubuhi siku hizo. Mzee alipapasa uso wake kwa vidole, kwenye paji, kwenye shavu, akasema ahsante, dada, umekuwa mwema. Paskazia hakujua anaambiwa yeye au mtu mwingine. Elias alimbeba Mzee mpaka garini kama anayebeba mlango, kwa uangalifu na bila kumtazama usoni.

Paskazia alibaki akisafisha chumba. Magazeti yaliyochapwa, madaftari matatu na kanda alizorekodi Mzee zilikuwa ndani ya maboksi mawili. Aliuliza kwa ujumbe wa simu yapelekwe wapi. Madam alijibu kwamba vitu vyote vya karatasi watupe tu. Alikuwa analia, hakutaka kufikiria maboksi. Paskazia aliyashusha kwa lifti moja moja mpaka kwenye chumba cha taka cha jengo. Mfanyakazi wa huko alimwonyesha upande wa karatasi.

Waliporudi kutoka uwanja wa ndege, madam alimkuta akifuta dirisha la chumba kitupu. Safari hii hakumwambia akae. Macho yalikuwa yamevimba. Alisema hatasahau alivyomtunza baba yake. Alisema wao wenyewe wanahama baada ya miezi michache, nyumba haina mgonjwa tena, na Sir ameona hawahitaji watu wawili. Viza yake wataifuta mwisho wa mwezi, tiketi ya kurudi kwao wataikata wao, na barua nzuri ya kazi atamwandikia. Elias watabaki naye mpaka wahame, na labda Sir atampeleka kwa rafiki yake, inshallah.

Elias alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi, akisubiri kuambiwa aende wapi. Aliyasikia yote. Alifungua mdomo, na Paskazia akamtazama, naye akaufunga.

"Ahsante, madam," Paskazia alisema.

Madam alimwambia Elias ampeleke Paskazia mpaka stesheni, kwa kuwa jua ni kali, kisha arudi haraka, Sir ana kikao. Chini, Elias alifungua mlango wa mbele. Paskazia alitazama juu, kwenye madirisha, akafungua wa nyuma mwenyewe, akaingia. Viti vya nyuma vilikuwa bado na plastiki waliyomtandikia Mzee.

Paskazia aliwaza nani atamwambia Irene, na kama atamwambia kwa simu au atasubiri wakutane. Elias alikuwa akimtazama kwenye kioo.

"Mama Irene, nitaongea na Sir."

"Usiongee naye. Atakutoa na wewe."

Elias alijua ni kweli. Alikata kona taratibu, kama bado amembeba mgonjwa. Kisha akasema kwamba njiani kwenda uwanja wa ndege Mzee alizinduka. Alikuwa amelala tangu nyumbani, muuguzi naye anaongea na simu. Alimuuliza dereva ni nani. Elias alimwambia ni mume wa Paskazia.

"Akasemaje?"

"Akasema, kumbe kiti umekipata wewe." Elias alipunguza mwendo. "Kisha akanipa mkono. Akanipongeza. Akaniambia nikae nacho vizuri, maana hukaa kidogo."

Gari lilisimama chini ya ngazi za stesheni. Nyuma yao mtu alipiga honi. Paskazia aliushika mpini wa mlango lakini hakuufungua.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia ndiyo, sir."

Honi ililia tena, ndefu zaidi. Paskazia aliibandua plastiki ya kiti, akaikunja vizuri, akaichukua ili Sir asiikute. Akashuka, akafunga mlango, na Elias akaondoka, kwa kuwa alikuwa ameambiwa arudi haraka.